Volkano Ikilipuka Mlima Hubaki Aje? Stori ya Nyiragongo, Mlima Ulioshuka Hadi Ndani ya Jiji la Goma

Kama umewahi panda Longonot, unajua venye inakuwanga. Unapanda ukihema, vumbi imejaa kwa viatu, ukidhani huko juu kuna kilele. Ukifika unapata shimo. Shimo kubwa limejaa miti, limezungukwa na kuta za mawe, na wewe umesimama kwa ukingo mwembamba kama mdomo wa sufuria.

Volkano ndio huacha mlima hivyo. Kilichokuwa ndani kilitoka nje, juu ikakosa kitu cha kuishikilia, ikaanguka.

Lakini Longonot ilimaliza hiyo kazi zamani, na hakuna mtu aliye hai leo aliyeiona ikifanya. Ukitaka kuelewa mlima hujibadilisha aje, na hubadilisha aje mahali watu wanaishi, vuka Uganda na Rwanda hadi tawi lile lingine la Bonde la Ufa, mashariki mwa Congo. Huko kuna mlima unaitwa Nyiragongo. Umefanya hii kitu mara tatu kwa muda wa chini ya miaka 50, na mara zote tatu watu walikuwa hapo chini.

Nyiragongo ni mlima wa aina gani?

Uko ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Virunga, DRC, karibu na mpaka wa Rwanda. Urefu wake ni mita 3,470. Juu kuna kreta yenye upana wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake, kwa miaka mingi, kumekuwa na ziwa la lava. Hayo ni mawe yaliyoyeyuka, mekundu, yakitokota usiku na mchana kama githeri jikoni. Duniani ni volkano chache sana hukaa na ziwa kama hilo kwa muda mrefu.

Kusini mwa mlima, chini ya kilomita 20 kutoka kreta, ndiko jiji la Goma. Mlima ulipolipuka mara ya mwisho kati ya hizo tatu, mwaka wa 2021, Goma ilikuwa na watu karibu milioni moja. Watu huko huongea Kiswahili sokoni, barabarani na nyumbani, kwa hivyo ukifika hutapotea. Kusini kabisa kuna Ziwa Kivu.

Sasa weka hiyo ramani kwa akili: mlima juu, ziwa chini, jiji katikati. Kila kitu kinachotoka kwa mlima kikitafuta njia ya kushuka, kinapitia kwa watu.

Kuna lava ya ugali na kuna lava ya uji

Wengi hudhani lava ni lava tu. Zii. Kuna nzito na kuna nyepesi, na tofauti kubwa iko kwa silika, ile madini inayopatikana pia kwa mchanga na kwa kioo.

Lava yenye silika nyingi huwa nzito kama ugali. Haitaki kutiririka. Inaziba koo la mlima, gesi inajikusanya chini, presha inapanda, hadi siku ile kila kitu kinaruka. Mfano wake ni Mount St. Helens kule Marekani. Tarehe 18 Mei 1980 ubavu wa kaskazini wa huo mlima uliporomoka, na mlipuko ukatokea hapo kwa ubavu. Mlima uliokuwa na urefu wa mita 2,950 ukabaki na mita 2,549. Yaani mita 400 za mlima zilienda asubuhi moja, karibu KICC nne ukizipanga moja juu ya nyingine. Watu 57 walikufa.

Lava yenye silika kidogo nayo huwa kama uji. Gesi hupata njia ya kutoka, na lava yenyewe hukimbia. Nyiragongo ni wa uji. Lava yake inahesabiwa kati ya nyepesi zaidi duniani, ndio maana huu mlima haurushi kichwa hewani kama St. Helens. Huu huvuja.

Na hata kuvuja kuna aina zake. Jirani yake wa karibu, Nyamulagira, amemwaga lava mara nyingi na mbali sana, hadi amelala chini kama ngao iliyoachwa uwanjani. Nyiragongo amesimama wima. Ni majirani kabisa, lakini kila mmoja ana umbo lake kulingana na venye hutapika.

Venye mlima hupasuka: stori ya tanki na ploti

Chukulia ploti ya ghorofa sita yenye tanki la maji juu ya paa. Maji ya tanki yanasukuma chini kwa mabomba yote, na kadiri tanki lilivyo juu ndivyo presha ya huku chini inavyokuwa kali. Sasa bomba la ghorofa ya kwanza lipasuke. Maji yatatoka huko chini kwa nguvu, na juu tanki libaki tupu.

Ziwa la lava ni kama hilo tanki. Lava ikizidi kupanda ndani ya kreta, uzito wake unazidi kusukuma kuta za mlima. Ongeza hapo kwamba Bonde la Ufa lenyewe linavutwa, juu ardhi ya Afrika inaachana polepole, milimita chache kila mwaka. Mlima unasukumwa kutoka ndani, huku chini ardhi inavutwa pande mbili. Siku moja ubavu hukubali.

Hapo vitu vitatu hubadilika kwa mpigo. Juu, ziwa linakauka na sakafu ya kreta inazama. Ubavuni, nyufa ndefu zinafunguka. Na huko chini, mahali palikuwa na shamba, barabara au keja ya mtu, panapata tabaka jipya la mawe. Mlima umejitoa tumbo na kujimwaga kwa majirani.

1977: ziwa lakauka kwa chini ya saa moja

Wanasayansi walikuwa wameliona hilo ziwa la lava tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Tarehe 10 Januari 1977 nyufa zikafunguka kwenye mbavu za mlima, na ziwa lote likatoka kwa muda wa chini ya saa moja.

Kwenye miteremko mikali lava hiyo ilikadiriwa kukimbia kwa kasi ya hadi kilomita 60 kwa saa. Hakuna mtu huihepa hiyo kwa miguu. Idadi ya waliokufa hutajwa tofauti tofauti, kuanzia 70 hivi hadi mamia.

Lava ilipopita msituni, ilizunguka mashina ya miti na kuganda, kisha lava iliyobaki ikateremka na kwenda zake. Miti iliungua, lakini yale maganda ya mawe yalibaki yamesimama kama nguzo zenye tundu katikati, kila tundu saizi ya mti uliokuwa hapo. Nguzo hizo zilionyesha lava ilifika wapi kabla ishuke, na kwamba ilipita na kuisha haraka sana.

2002: lava yaingia mjini

Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini ulipasuka tena. Nyufa zilishuka kutoka mlimani zikielekea mjini, na lava ikaanza kutoka sehemu tofauti za hizo nyufa, zingine karibu kabisa na makazi ya watu. Hapa ndipo wengi hukosea. Lava haikuhitaji kutoka kileleni na kusafiri njia yote. Mlango ulifunguka karibu na mtaa.

Mto wa lava ulikata katikati ya Goma, ukapita kwenye biashara na makazi, na kufika Ziwa Kivu. Zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya jiji ikafunikwa. Sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege kwenye uwanja wa Goma ilizikwa, na kwa miaka mingi ndege zililazimika kutumia njia fupi. Watu kama laki moja na ishirini waliachwa bila makao. Mamia ya maelfu walivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda.

Waliokufa walikuwa takriban 100. Baadhi yao hawakuuawa na lava yenyewe. Siku chache baadaye, petroli ililipuka kwenye kituo cha mafuta huku watu wakiwa hapo wakichota.

Na mlima? Sakafu ya kreta ilizama mamia ya mita. Kando ya Ziwa Kivu ardhi ilishuka, hadi maji yakasogea mahali palipokuwa pakavu. Mahali lava iliingia ziwani, ilijenga kipande kipya cha nchi kavu. Kabla mwaka uishe, ziwa la lava lilikuwa limerudi kwenye kreta na kuanza kujaza tena. Tanki liko juu, mafundi wameshaanza kulijaza, na mabomba ni yale yale.

2021: nyufa zilizopita chini ya jiji

Jumamosi, 22 Mei 2021, jioni. Mlima ulipasuka bila kutoa ishara ambayo ingewapa watu hata siku moja ya kujipanga. Vipimo vilionyesha dalili za wazi chini ya saa moja tu kabla lava itoke. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikuwa kimetoka kupitia miezi kadhaa ya kukosa intaneti kwa sababu ya pesa, lakini utafiti wa baadaye ulionyesha kitu cha kutisha zaidi: hata vifaa vikiwa sawa, huu mlima unaweza kupasuka na kuwahi kengele.

Lava ilifunika vijiji na mitaa ya kaskazini mwa Goma, ikakata barabara kuu ya kwenda Rutshuru, ikaharibu maelfu ya nyumba, na kusimama kabla haijaingia katikati ya jiji, si mbali na uwanja wa ndege. Umeme na maji vilikatika sehemu kubwa. Watu wasiopungua 30 walikufa. Wengine walikufa kwa ajali za barabarani wakihepa usiku, na wengine waliuawa na gesi na moshi walipojaribu kuvuka lava ambayo ilikuwa bado haijapoa. UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao.

Watu walidhani imeisha. Kumbe bado. Kwa siku kadhaa matetemeko yalifuatana, kuta zikapasuka, barabara za lami zikachanika. Setilaiti na vipimo vya matetemeko vilionyesha kwamba lava ya chini kwa chini, ile huitwa magma ikiwa bado haijatoka nje, ilikuwa imejipenyeza kama ubapa wa kisu chini ya Goma hadi chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei wakazi wa mitaa 10 waliamriwa waondoke mara moja. Karibu watu laki nne wakabeba magodoro, masufuria na watoto, wengine wakaelekea Sake, wengine Rwanda, wengine wakapanda boti za kwenda Bukavu.

Magma haikutoka. Mapema Juni watu wakaanza kuruhusiwa kurudi. Lakini sasa kila mtu alikuwa amejua: mlima haukuwa umekaa tu hapo kaskazini ukiangaliwa kwa mbali. Mizizi yake ilipita chini ya vitanda vyao.

Volkano zilipindua hata mto

Ukidhani kufunika mtaa ni kazi kubwa, sikia hii. Zamani sana, maji ya bonde hilo yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, ambalo maji yake huishia Mto Nile. Volkano za Virunga zilipoinuka ziliziba bonde kama ukuta. Maji yakakosa njia, yakajaa nyuma ya huo ukuta, na baadaye yakapata mlango upande wa kusini. Leo Ziwa Kivu humwaga maji yake kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, na kutoka huko yanaelekea Mto Congo hadi Bahari ya Atlantiki. Yaani safu ya milima iliyachukua maji ya Nile ikayapeleka upande mwingine wa bara.

Ndani ya ziwa kuna mzigo mwingine. Maji ya chini kabisa yamebeba kiasi kikubwa mno cha gesi ya kaboni dayoksaidi na methani, na nyingi ya hiyo kaboni inatoka kwa volkano. Rwanda tayari inavuta methani na kuitumia kuzalisha stima. Hofu iko hapa: mwaka wa 1986, kule Cameroon, ziwa dogo la Nyos liliachilia kaboni dayoksaidi usiku na kuua watu kama 1,700. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana. Lava ya 2002 iliingia ziwani na gesi ikabaki chini, juu ilikuwa haijafika kwenye tabaka zile za ndani kabisa. Ndio sababu ile magma ya 2021 chini ya ziwa iliwanyima watu usingizi.

Hatari ambayo hauioni

Kuna neno la Kiswahili cha Goma ambalo wanasayansi wa dunia nzima sasa wanalitumia vile lilivyo: mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwa nyufa za ardhi. Hii gesi ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutulia kwenye mabonde madogo na mashimo. Haina rangi. Mtu mzima akipita akiwa amesimama anaweza kuwa sawa, lakini mbuzi, mbwa au mtoto ambaye kichwa chake kiko chini anaanguka hapo hapo. Mlima ukishapasuka nyufa mpya, mazuku inaweza kutokea mahali haikuwa.

Moshi wa kreta nao hubeba salfa na madini mengine. Mvua ikipitia hapo inakuwa chungu kwa mimea, inachoma majani ya mahindi na maharagwe. Familia zinazokinga maji ya mvua zimeathirika pia: floridi ikizidi kwa maji ya kunywa, meno ya watoto hubadilika rangi na kuharibika. Lava ilisimama, lakini mlima unaendelea kushuka kwa njia ya hewa.

Mbona basi watu hurudi?

Juu ndio nyumbani, na juu ardhi ya volkano ina pande mbili.

Majivu ya volkano yakikaa hugeuka udongo mzuri sana. Mashamba ya pande za Virunga yanalisha watu wengi. Lava ngumu nayo huchukua muda. Kwanza hutokea mimea midogo ya kijivu iliyong'ang'ania mawe kama ukungu, halafu majani ya jamii ya kangaga, halafu vichaka. Ukitaka kuona kasi ya hiyo kazi, nenda Tsavo West uangalie lava ya Shetani. Imekaa hapo vizazi kadhaa na bado ni jeusi tupu.

Lakini watu wa Goma hawakungoja udongo. Walichonga mawe ya lava na kuyatumia kujenga kuta, nyua na misingi ya keja mpya, mahali pale pale keja za kwanza zilizikwa. Ukipita huko utaona mitaa mizima ya rangi nyeusi, na vijana wakisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, zimebebeshwa mkaa na viazi juu ya mawe ya 2002. Jiji limekula mlima.

Na sisi pia tunakula kwa volkano. Stima ya Olkaria inatoka kwa joto la mawe yaliyoyeyuka chini ya Naivasha. Maji ya Mzima Springs, yanayosaidia kunywesha Mombasa, ni mvua iliyochujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu.

Ukijipata karibu na volkano, shika haya

- Jua mteremko wako. Lava hufuata mabonde na njia za maji. Hepa kwa upande ulioinuka, usikimbie ukifuata bonde.
- Usivuke lava iliyoganda juu. Ngozi inaweza kuwa nyeusi na ndani bado kuna moto na gesi.
- Usilale wala kuacha watoto kwenye shimo au bonde dogo, hasa asubuhi ambapo hakuna upepo.
- Usinywe maji ya mvua yaliyokingwa moshi ukiwa juu yako.
- Kubalianeni nyumbani mapema mtakutana wapi mkipoteana. Wale watoto wa 2021 hawakupotezwa na lava, walipotezwa na msongamano wa watu.

Tangu 2002 Goma imeendelea kupanuka, na sehemu kubwa ya upanuzi huo imeenda kaskazini, kuelekea mlimani. Vita vya eneo hilo vimeleta maelfu ya wakimbizi kwenye ardhi hiyo hiyo na kufanya kazi ya kupima mlima iwe ngumu zaidi. Kwa hivyo mtu akikuambia Goma iko karibu na volkano, mrekebishe polepole. Chimba chini ya nyumba nyingi za Goma na utapata lava ya mlipuko fulani, na chini yake lava ya mlipuko uliotangulia. Hao watu wanaishi juu ya mlima wenyewe. Ni kwamba tu sehemu yao ilifika mapema.